Pua ya Ghala la Mafuta

4 Februari

Shemeji,

Salamu nyingi. Huku dada yako ni mzima, na mgahawa wake hapa getini unajaa mpaka watu wanakula wamesimama. Mimi ndiye niliyepungua. Ndiyo maana barua hii nimempa dereva wako mkononi, nikamwambia asimkabidhi mtu mwingine ila wewe.

Unajua nilianguka mwezi wa kumi na mbili. Ngazi ya tangi namba tatu ilimwagikiwa mafuta, mtu akafuta nusu akaacha nusu, na mguu wangu ukaenda kukanyaga ile nusu aliyoiacha. Niligonga kisogo. Nililala hospitali siku nne, nikatoka na bandeji, wapakuzi wakanitania kwamba afadhali nimegonga nyuma, ningegonga mbele ghala lingefungwa. Kila mtu anaona nimepona. Shemeji, sijapona. Sisikii harufu ya kitu chochote.

Nilijua siku ya tatu tangu nirudi nyumbani. Dada yako alitoka akaacha maharage jikoni. Aliporudi yalikuwa yameungua mpaka sufuria imetoboka, na mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka hapo, nimeligeuzia jiko mgongo. Nilimwambia nilisinzia. Daktari anasema mshipa mwembamba wa kunusia umekatika. Huenda ukaunga, huenda usiunge, na kwa umri wangu nisikae mlangoni kuusubiri. Hata chakula kimekuwa udongo mdomoni. Nakula mkate na chai tu, dada yako anadhani tumbo linanisumbua.

Kazi yangu unaijua, wewe ndiye uliyenitafutia. Malori ya tangi yanakuja kutoka kwenu bandarini na mafuta ya kupikia. Kabla mpira haujaunganishwa, mimi hupanda juu, nikaangalia lakiri kama haijavunjwa, nikachota ya juu, ya katikati na ya chini, nikayasugua kiganjani mpaka yapate joto, nikanusa. Nikisikia dizeli, sabuni, kutu au mafuta yaliyochacha, lori linarudi. Sampuli hupelekwa maabara, lakini maabara iko mji mwingine na majibu huchukua siku kumi au zaidi. Hakuna lori la kusubiri siku kumi. Meneja anaamini pua yangu, na miaka ishirini na miwili haijamwangusha. Lori moja chafu likiingia, tangi zima limekwenda, na tangi moja ni madebe elfu kumi.

Tangu nirudi kazini nimepitisha malori kumi na tisa kwa kutazama nyuso za madereva. Nanusa, kisha namtazama dereva. Asipokwepesha macho, napitisha.

Nataka nimwambie Meneja ukweli, nimwombe anihamishie kwenye mizani. Unasemaje? Dada yako usimwambie. Akianza kunihurumia sitaweza kukaa naye nyumba moja.

Shemeji yako,
Pua

11 Februari

Shemeji yangu Pua,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, nisamehe, maana ni kama kusikia kinyozi amekatika mikono. Mara ya pili nikakaa chini.

Usimwambie Meneja kitu. Mizani ameshamweka yule binti aliyetoka chuoni, wewe atakuhamishia barabarani. Mtu wa miaka hamsini na nne ambaye kazi yake yote ni pua, na pua haipo, atakwenda kufanya nini? Utakaa mgahawani kwa mkeo unaosha sahani, na wapakuzi wale wale waliokuwa wanakuogopa wataagiza chai kwako. Sitaki kuona hilo, wewe ni mume wa dada yangu.

Sikiliza. Kila lori langu likija, dereva atakuwa na bahasha yako. Ndani nitaandika limebeba nini safari tatu zilizopita na limeoshwa wapi. Kwa hiyo langu utalijua kabla hujapanda. Na bandarini hapa mimi nasikia habari zote. Nikisikia lori la mtu mwingine lina walakini, nalo nitakuandikia. Pua yako itakuwa huku kwangu, basi. Nani atajua?

Halafu badilisha mwendo kidogo. Nusa kwa muda mrefu kuliko zamani. Kunja uso. Mara mojamoja rudisha lori hata kama halina neno, maana mtu asiyerudisha kitu ndiye anayetiliwa shaka.

Na dada yangu usiwe na wasiwasi naye. Mdomo wangu nimeufunga. Barua zangu ukishasoma zichome.

Shemeji yako wa damu

6 Machi

Shemeji,

Bahasha zinafika, Mungu akulipe. Nimeanza tena kulala. Napanda lori nikiwa najua jibu, na chini watu wanasema Pua amerudi na makali mapya. Juzi Meneja alileta wageni, nikawanusia lori lako mbele yao, nikafumba macho kama muumini. Mmoja akaniuliza nasikia nini. Nikamwambia nasikia mafuta, na hicho ndicho ninachotaka kusikia. Walicheka sana.

Lakini kuna jambo linanikaa kooni. Uliniandikia kwamba lile lori la Mzee Breki lilibeba dizeli kabla. Nililirudisha. Yule mzee alipanda nyuma yangu mpaka juu, magoti yake yanalia, akaapa kwamba aliliosha mwenyewe kwa maji ya moto na sabuni mara tatu, akalikausha, akakaa nalo mpaka akapewa cheti. Akanishika mkono akauingiza ndani ya kopo la sampuli, akaniambia nusa tena, mwanangu, nusa polepole. Nikanusa. Nikamwambia inanuka dizeli mpaka macho yananiwasha.

Alisimama na lori juani siku tatu akingoja tajiri wake ampe la kufanya. Mafuta yaliharibika humo humo. Siku ya nne alikuja kijana mwingine kulichukua lori, na Mzee Breki akaondoka kwa miguu amebeba godoro lake.

Yule binti wa mizani naye alichota kidogo siku ile akanusa. Akanivuta pembeni kwa adabu, akasema, "Mzee, mimi sikusikia dizeli." Nilimjibu kwa sauti, ili wapakuzi wote wasikie, kwamba pua ya kunusia mafuta na pua ya kunusia manukato hazikuumbwa siku moja. Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Yeye naye alicheka, maskini, afanyeje?

Niambie tu kwamba lile lori lilikuwa chafu kweli.

Pua

13 Machi

Shemeji,

Lilikuwa chafu. Na kama siku ile halikuwa chafu, lilikuwa chafu siku nyingine. Mzee Breki alikuwa ameshachoka, umempumzisha. Tajiri wake amejitoa kwenye safari za kwenu, na zote sasa nimepewa mimi. Unaona tunavyofaana?

Alhamisi tarehe 19 nakuletea malori mawili pamoja. Bahasha hazitakuwepo, nadhani tumeshaaminiana kiasi hicho. Yameoshwa. Nina haraka nayo, kwa hiyo yapite kabla ya saa sita, yaingie tangi namba tatu ambalo najua liko karibu tupu. Usimruhusu yule binti wa mizani kupanda. Mzigo ukishapimwa, kazi yake imekwisha.

Dada yangu aliniandikia juzi, anauliza kwa nini umekuwa mkimya. Nimemjibu ni uzee. Ujue tu kwamba siri hii naibeba, na ni nzito.

Shemeji yako

26 Machi

Kaka yangu,

Habari za huko? Mimi mzima, miguu tu inanichosha kwa kusimama, wateja wameongezeka tangu karakana ya jirani ifunguliwe. Kila siku viazi magunia mawili, samaki sihesabu.

Nina swali dogo na naomba usinicheke. Ghala limetugawia madebe ya mafuta, yale ya wafanyakazi ya kila mwisho wa mwezi, na mimi nimenunua mengine manne ya biashara. Nilipofungua la kwanza nilisikia harufu ya gereji. Si sana. Kama ovaroli ya fundi iliyofuliwa ikabaki na kitu. Nikamimina kidogo kwenye kikaango nikayapasha moto, harufu ikapanda zaidi. Nikambebea mume wangu kikaango chenyewe mpaka alipokaa, nikamwambia nusa.

Alifumba macho, akanusa muda mrefu, akasema, "Mafuta mazuri haya. Pua yako imezoea moshi." Kaka, niliona aibu. Nimeishi na huyu mtu miaka yote hii, watu wanatoka mbali kuja kumtazama anavyonusa, halafu mimi wa vikaango nimfundishe kazi. Nikarudi jikoni nikakaanga.

Wateja hawakusema neno. Mmoja tu, yule binti wa mizani, alisogeza sahani akaomba chai peke yake. Nikamwambia maringo hayashibishi.

Lakini bado nasikia, kila nikiwasha jiko. Wewe ni mtu wa malori. Je, mafuta yanaweza kushika harufu ya pampu tu yakawa hayana neno? Nimebakiza madebe matatu na nusu. Niendelee nayo, au niyarudishe? Ukisema niendelee nitaendelea, na sitamsumbua mume wangu tena. Siku hizi ukimgusa kidogo tu anaondoka.

Dada yako

31 Machi

Mdogo wangu,

Nimecheka, ingawa umenikataza. Tangu utotoni ulikuwa unasikia harufu zisizokuwepo. Mama akipika unasema panya amekufa.

Ndiyo, pampu mpya hutoa harufu hiyo, na hupotea yenyewe. Mumeo ndiye mwenye ujuzi, msikilize. Ukianza kurudisha madebe utamwaibisha mbele ya Meneja, watu watasema hata mkewe haiamini pua yake. Maliza hayo uliyonayo.

Nimekutumia karai jipya kwa dereva. Ni kubwa, la chuma kizito, litachukua samaki kumi kwa mara moja. Ulitumie kwa raha.

Kaka yako akupendaye

14 Aprili

Shemeji,

Naandika kwa haraka, usome hivyo hivyo.

Ilianza wiki mbili zilizopita. Mpakuzi mmoja alisema misuli ya miguu inamkaza kama iliyofungwa waya. Tukamwambia apunguze kubeba. Kesho yake wakawa watano. Baada ya maumivu miguu inakuwa baridi, kisha nyayo zinaning'inia. Mtu anatembea anazipiga chini pa, pa, kama amevaa viatu vilivyokatika kamba. Halafu hatembei kabisa. Hapa ghalani wako thelathini na mmoja. Wengine wameanza kulegea na mikono.

Dada yako alianguka tarehe nane akiwa amebeba lile karai ulilomletea. Mafuta yalimwagikia sakafuni, namshukuru Mungu hayakumfika. Nilimwinua, nikamsimamisha, akakaa chini tena kama nguo. Akacheka, akasema, "Miguu imegoma." Tangu siku hiyo sijaiona ikisogea.

Wote walikuwa wanakula kwake. Basi watu wakapiga hesabu yao wenyewe. Wakasema alitia dawa ya kuvuta wateja. Wamebomoa mgahawa, wamempiga mawe akiwa amelala mkekani. Askari walipokuja walimbeba mikononi kama mtoto wakampakia garini. Mpelelezi aliuliza nani hakula chakula chake. Wakasema mimi. Miezi zaidi ya mitatu sasa watu wananiona na mkate wangu na chai yangu. Mpelelezi akaandika kwamba hata mumewe alikuwa hakigusi chakula chake. Hicho ndicho wanachomshikilia nacho.

Alikuwa ananitazama wakati wanampakia. Alikuwa anangoja niseme neno. Nilisimama getini, Shemeji. Nilikuwa nimeshika ufunguo wa tangi namba tatu mkononi.

Yale malori ya Alhamisi yalibeba nini? Majibu yake ya maabara bado hayajafika. Nieleze. Nimelifunga tangi, nimemwambia Meneja pampu ina hitilafu, lakini zaidi ya nusu imeshaondoka kwenye madebe.

Pua

18 Aprili

Shemeji,

Tulia, ukae chini, usome mpaka mwisho.

Yalibeba mafuta ya mashine. Yale mazito yanayotiwa dawa ili yasishike moto. Foleni ya kuosha ilikuwa ya siku sita, nikapitisha maji ya bomba, dereva akaniambia pamekauka. Nilijua una haja na mimi, na mimi nina haja na wewe. Sikujua kwamba vitone vilivyobaki ndani ya tangi vinaweza kulaza watu. Hilo nakuapia.

Sasa fikiri kama mtu mzima. Kwenye daftari la mapokezi kuna sahihi ya nani? Kwenye cheti kilichosema mafuta ni safi, hayana harufu ngeni, kuna jina la nani? Mimi nina malori tu. Ukifungua mdomo hawatakuja kwangu, watakuja kwako, na watu thelathini wenye miguu iliyokufa watataka mtu wa kumtafuna.

Dada yangu ana moyo mgumu, namjua. Hakuna ushahidi juu yake, watamweka wiki kadhaa wamwachie. Wewe ukiingia hutoki. Kwa hiyo atakaa kidogo yeye ili msikae sana ninyi wote. Ukitulia utaona ndivyo hata yeye angechagua, lau tungeweza kumwuliza.

Hilo tangi limwage polepole shimoni, lioshwe kwa mvuke. Barua hii ichome leo.

Shemeji yako

6 Mei

Mdogo wangu,

Nimesikia umeachiwa, nikamshukuru Mungu. Ningekuja, lakini wamenizuia kusafiri mpaka wamalize maswali yao. Nasikia watu wa mitaa mingine na wa shule ya bweni, ambao hawajawahi hata kukuona, wamepatwa na miguu ile ile, ndipo wakajua ni mafuta. Umesafika, mdogo wangu.

Sasa utasikia maneno kuhusu mumeo na kuhusu mimi, bora usikie kwangu kwanza. Mumeo hana pua tangu alipoanguka. Aliniandikia mwenyewe mwezi wa pili. Nilimsihi aseme kwa Meneja, akakataa, akaniomba nisikwambie. Nilikosea kumfichia. Mpelelezi alipokuja kwangu sikuwa na njia, nikampa ile barua. Ndiyo waliyomkamatia. Niliumia kuitoa, lakini nilikufikiria wewe. Ule upumbavu wake wa kukuacha ukaange mafuta yale ungenitia wazimu kama ningenyamaza.

Kuhusu malori yangu, dereva alinidanganya kwamba yameoshwa, naye ametoroka. Hayo ndiyo niliyowaeleza.

Kuna hospitali huku bandarini, wana mashine za kunyoosha miguu. Nitakulipia mpaka utembee, hata kama ni miaka. Jambo moja tu nakuomba. Mumeo alikuwa na barua zangu mbili tatu, za salamu. Watu siku hizi wanapotosha maneno. Ukizikuta mahali, zitie jikoni. Ukishafanya hivyo niandikie, gari litakuja kukuchukua siku hiyo hiyo.

Kaka yako

11 Mei

Mke wangu,

Wameniruhusu karatasi moja. Tuko wengi chumbani, wote wanalalamika harufu, mimi peke yangu silalamiki.

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na lenye haraka. Barua za kaka yako sikuzichoma. Aliniambia nichome, na mara zote nilisimama nazo jikoni, nikashindwa. Labda nilikuwa namwogopa. Ziko ndani ya mto wangu, nimeushona upande wa chini kwa uzi mweusi. Ziko nne. Humo ameandika kila kitu, jinsi alivyonizuia nisiseme, jinsi alivyonitumia nimfukuze Mzee Breki, na malori yalibeba nini. Mpe wakili. Yeye amewapa barua yangu moja nami nimebaki mtupu. Wakili anasema bila hizo ni kifungo cha mzee kufia humu ndani. Nikiwa nazo, nusu.

Nilitaka kusema siku ile getini. Nakuapia neno lilikuwa mdomoni.

Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, njoo hata unitukane, nikuone. Utakuja lini?

Mumeo

24 Mei

Mume wangu,

Nimezipata. Binti wa mizani ndiye aliyenifumulia mto, na ndiye anayeniandikia haya ninayosema, mikono yangu bado haina nguvu hata ya kuvuta uzi. Anakuja kila siku akitoka kazini, ananigeuza, ananiosha, ananiwekea maji karibu. Nilimwomba radhi kwa yale ya maringo. Alisema siku zile alikuwa ameshaanza kujiona mwenda wazimu, maana yeye ananusa hivi na wewe unasema vile na watu wote wanacheka.

Alinisomea zote nne. Za kaka sikushangaa. Tangu tuko wadogo alikuwa akivunja kitu ananipa mimi nishike vipande. Alikuja wiki iliyopita, walipomruhusu, akapiga magoti sakafuni pale kando ya kitanda, akaniuliza kama nimekuta karatasi zozote. Nilimwambia zimeungua. Alilia kwa furaha, akanibusu miguu, nikamwona anaibusu, sikuhisi kitu. Nilimwacha aende zake akalale vizuri. Kesho yake asubuhi barua zilikuwa mezani kwa mpelelezi, pamoja na ile aliyoniandikia mimi ya pampu mpya. Juzi wamemchukua.

Wakili wako atazikuta huko. Kama zitakupunguzia miaka, zikupunguzie. Sikuzipeleka kwa ajili hiyo.

Barua yako ya mwezi wa pili mpelelezi alinionyesha. Umeandika kwamba nikianza kukuhurumia hutaweza kukaa na mimi nyumba moja. Nimeifikiria sana hiyo, muda ninao. Mimi ningekuwa pua yako. Ningekupandia malori, ningeomba ruhusa kwa Meneja nikanunua ovaroli, watu wangecheka mwezi mmoja wakazoea. Nilikuletea kikaango mkononi. Neno moja lilitosha, "sisikii." Ulifumba macho ukaniambia mafuta mazuri. Nilikaanga nikiwa nasikia kabisa, nikawapa watu wakala, kwa sababu nilikuamini wewe kuliko pua iliyo usoni kwangu. Mmoja wa wale wapakuzi amekufa Jumanne, mapafu yalichoka. Alikuwa anakopa samaki kila Jumatatu na kulipa kila Ijumaa. Mkewe alikuja kunisalimia baada ya mazishi. Sikujua nimtazame wapi.

Kaka alinidanganya kwa faida yake. Wewe ulinidanganya ili nikuone mkubwa. La kwake naweza kulielewa.

Umeuliza nitakuja lini. Nimewauliza wanaokuja kutembelea watu wao huko. Wanasema kutoka barabarani mpaka dirisha la wageni kuna ngazi kumi na moja, na njia nyingine hakuna. Wamejitokeza wanaume wanne wa mtaani, wenye nguvu, wamesema watanibeba na kiti changu mpaka juu, siku yoyote nitakayotaka.

Nimewaambia hapana.

Mkeo